Kwa nini India iliwapa vijana wake siku ya mtawa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, nasoma famasia mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Pune, India. Tarehe 12 Januari wenzetu wanaadhimisha Siku ya Kitaifa ya Vijana, na wanafunzi wa kile kitengo cha kujitolea, NSS, wameniomba niseme machache kwa niaba ya wanafunzi tuliotoka Afrika. Ninachojua ni kwamba ndiyo siku aliyozaliwa Swami Vivekananda, yule mtawa wa kilemba ambaye picha yake iko kila ukumbi. Najiuliza: nchi yenye dini zote hizi, imekuwaje siku ya vijana wote apewe kiongozi wa dini moja? Na mimi Muislamu, nikisimama mbele ya ile picha nitakuwa nimefanya nini? Halafu niseme nini nisichekwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja. La kwanza ndilo zito, na hata Wahindi wenyewe hawajalimaliza, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Hayo mengine tutayakuta mbele.

Tuanze na serikali, maana siku hii haikutoka hekaluni. Ni uamuzi wa ofisi. Serikali ya India iliamua mwaka 1984 kwamba siku aliyozaliwa Vivekananda iwe Siku ya Kitaifa ya Vijana, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 12 Januari 1985. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vijana, na kila nchi ilikuwa inatafuta cha kuonyesha. Tazama na hali ya India yenyewe ilivyokuwa Januari ile: Indira Gandhi alikuwa ameuawa na walinzi wake 31 Oktoba, Masingasinga kwa maelfu wakauawa kwa kisasi, uchaguzi ukafanyika Desemba, na mwanawe Rajiv, mwenye miaka 40, akashika nchi iliyokuwa bado inatoa moshi. Hapo ndipo anapoletwa mtawa aliyekufa zamani, anayehubiri nguvu, utumishi na dini kuheshimiana. Sikwambii kwamba huo ndio ulikuwa mpango. Uamuzi uliandikwa kwa maneno ya kawaida ya serikali, kwamba falsafa na maisha yake yanaweza kuwapa vijana mwamko. Lakini ukisoma tarehe ya sherehe, soma na magazeti ya wiki hiyo.

Jambo moja wasemaji wengi hulisahau: wakati siku hiyo inaanzishwa, kijana wa miaka 18 nchini India alikuwa hana kura. Umri wa kupiga kura ulikuwa 21, na mabadiliko ya kuushusha hadi 18 yalianza kutumika mwaka 1989, chini ya serikali hiyohiyo ya Rajiv. Kijana alipewa siku yake miaka minne kabla ya kupewa kura yake.

Usije ukaichanganya na 12 Agosti. Ile ni Siku ya Kimataifa ya Vijana, iliyoamuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1999. Hii ya Januari ni ya India peke yake.

Sasa kwa nini yeye? Wagombea wengine walikuwepo. Nenda Punjab uwaulize vijana shujaa wao ni nani, wengi watakutajia Bhagat Singh, aliyenyongwa na Waingereza mjini Lahore 23 Machi 1931 akiwa na miaka 23. Ukitafuta kijana hasa, huyo ndiye kijana. Lakini Bhagat Singh alirusha bomu bungeni, akasema waziwazi kwamba haamini Mungu, akawa mjamaa. Serikali hutundika picha ya mtu wa namna hiyo ukutani. Kuwakabidhi wanafunzi wote siku yake ni jambo jingine. Gandhi alikwisha kuwa na 2 Oktoba. Nehru alikwisha kuwa na 14 Novemba, Siku ya Watoto. Vivekananda alikuwa na sifa moja ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo: alikufa 4 Julai 1902, akiwa na miaka 39, bila kujiunga na chama chochote. Hakuna chama kinachoweza kuonyesha kadi yake, basi kila chama kinadai ni wa kwao.

Na wanadai kweli. Mdogo wake wa damu, Bhupendranath Datta, alifungwa na Waingereza kwa ajili ya gazeti la wanamapinduzi, na uzeeni alikuwa mfuasi wa Marx. Yeye alimwona kaka yake kama mzalendo wa wanyonge. Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru, alikuwa akimsoma tangu ujanani. Upande wa pili, kule Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India, kuna mnara wa kumbukumbu yake juu ya mwamba katikati ya bahari, uliofunguliwa mwaka 1970. Aliyeuhangaikia mpaka ukasimama ni Eknath Ranade, mtu wa RSS, ile jumuiya ya wazalendo wa Kihindu, na Waziri Mkuu Narendra Modi alikwenda kukaa pale kwa tafakuri mwishoni mwa Mei 2024, kampeni zilipofungwa tu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema Vivekananda ni wa kushoto au wa kulia, muulize kwanza yeye mwenyewe anapigia nani kura.

Hilo ni jibu la siasa. Ninalo jibu jingine, langu mwenyewe, na ningependa ndilo uondoke nalo. Nadhani India ilimchagua mtu sahihi ikambandika picha isiyo yake.

Ile picha unayoiona kila ukumbi, amekunja mikono kifuani, kilemba kichwani, macho yanatazama pembeni kama jemadari, ilipigwa Chicago mwaka 1893 na Thomas Harrison, ikachapishwa kuwa bango. Alikuwa na miaka 30. Watu wanaitazama wanaona ushindi. Mimi ningetundika ya miaka tisa nyuma yake, ambayo haipo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kumpiga picha mhitimu asiye na kazi.

Mwaka 1884 huyu bwana hakuwa Swami. Aliitwa Narendranath Datta, kijana wa Kolkata, mtoto wa wakili wa Mahakama Kuu. Nyumba yao ilikuwa ya wenye nacho: wageni hawakauki, muziki haukatiki. Alisomeshwa vyuo vizuri vya Kiingereza, anaimba vizuri, mbishi kupindukia. Alikuwa na tabia ya kuwaendea wakubwa wa dini na kuwauliza swali moja: umemwona Mungu? Waliomzungushia maneno aliwaacha. Aliyemjibu moja kwa moja alikuwa Ramakrishna, mtumishi wa hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, pale Dakshineswar, kaskazini ya jiji, mtu ambaye elimu yake ya shule ilikuwa ndogo sana. Alimwambia namwona kama ninavyokuona wewe, ila kwa ukaribu zaidi. Narendra hakuamini papo hapo. Walikutana mwaka 1881, na kwa miaka kadhaa alikuwa anakwenda kubishana naye.

Februari 1884 baba akafariki ghafla. Lahaula, kumbe mzee alikuwa anatumia kuliko anavyopata. Wadai wakabisha hodi, ndugu wakaanza kesi ya kugombea nyumba, na kijana aliyetoka kufanya mtihani wa shahada akajikuta ana mama na wadogo wa kulisha. Akaanza kuzunguka ofisi moja hadi nyingine na maombi ya kazi mkononi, peku, jua la Kolkata la mchana. Kila mlango unafungwa. Asubuhi nyingine alikuwa anachungulia jikoni, akiona hakitoshi anamwambia mama amealikwa kula kwa rafiki. Hakualikwa popote. Anashinda hivyo hivyo.

Siku moja miguu ilikuwa imeungua hata kutembea hawezi, akaketi kivulini mwa mnara wa Ochterlony, pale kwenye uwanja mkubwa wa Maidan. Rafiki aliyekuwa naye, kwa nia njema, akaanza kumwimbia wimbo wa dini kuhusu upepo wa rehema za Mungu. Narendra akafoka. Akamwambia nyimbo hizo ni tamu kwa waliokaa kwenye anasa, ambao mama zao na ndugu zao hawalali na njaa. Na mama yake mwenyewe, mwanamke mcha Mungu, asubuhi moja alimsikia anataja jina la Mungu akiamka, akamkatiza: nyamaza, tangu utotoni unamwita, amekufanyia nini?

Akapata vibarua: kazi kwenye ofisi ya wakili, kutafsiri vitabu, kufundisha shule kwa muda mfupi. Hakuna kilichodumu. Ramakrishna akamwambia aende mwenyewe mbele ya Kali aombe riziki ya nyumbani. Akaenda, kwa masimulizi yake mara tatu, na kila akifika anasahau shida za nyumbani anaomba elimu na ucha Mungu. Unaweza kuipokea hadithi hiyo kwa imani au bila imani. Mimi kinachonigusa ni kwamba hata baada ya kuwa mtawa hakuacha kumfikiria mama yake. Miaka ya baadaye aliyemsaidia kumtunza alikuwa Raja Ajit Singh wa Khetri, Rajasthan, kwa fedha za kila mwezi. Na ni huyohuyo Raja ambaye kwake jina la Vivekananda lilitulia.

Huyo ndiye ningemwekea siku ya vijana. Msomi mwenye njaa, mwenye madeni ya baba, aliyeulizwa na mama yake imani yako imekuletea nini. Vijana wa aina hiyo wamejaa Pune, wamejaa Tanga.

Chicago nitaipita haraka kwa sababu utaisikia mpaka uchoke. Ramakrishna alifariki Agosti 1886. Narendra na wenzake wakajifunga utawa katika nyumba mbovu ya kupanga pale Baranagar. Halafu akatembea India nzima kwa miaka, mara kwa miguu, mara kwa treni kwa tiketi aliyonunuliwa na watu. Akasikia habari za Bunge la Dini za Dunia, mkutano wa dini mbalimbali uliokuwa ufanyike Chicago. Fedha za nauli zilianza kuchangishwa na vijana wa Madras wakiongozwa na mwalimu wa shule, Alasinga Perumal, waliopita mlango kwa mlango. Akapanda meli Bombay 31 Mei 1893. Alipofika Chicago mwishoni mwa Julai akaambiwa mambo mawili: mkutano ni Septemba, na bila barua ya utambulisho huingii. Hakuna aliyekuwa amefikiria barua. Fedha zikaanza kwisha, akakimbilia upande wa Boston ambako maisha yalikuwa nafuu, na huko profesa mmoja wa Harvard, John Henry Wright, ndiye aliyemwandikia. Akirudi Chicago akapoteza anwani ya kamati, usiku akalala ndani ya kasha tupu kwenye yadi ya reli, kesho yake akawa anabisha hodi nyumba za matajiri na kufukuzwa, mpaka mama mmoja, Bi. Hale, akamwona ameketi kando ya barabara akamkaribisha ndani.

Hotuba yake ya kwanza, 11 Septemba 1893, haikufika maneno 500 ya Kiingereza. Alianza kwa kuwaita wasikilizaji dada na kaka zake wa Marekani, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kiini chake kilikuwa kwamba dini ni kama mito inayotokea mahali mbalimbali na kuishia bahari moja, na kwamba kengele iliyopigwa asubuhi ile iwe ya kuuzika ushupavu wa dini na mateso ya upanga na ya kalamu. Siku tisa baadaye alisema jambo ambalo halisomwi sana kwenye sherehe hizi: akawaambia Wakristo wa Marekani kwamba kinacholiliwa na Wahindi ni mkate, dini wanayo ya kutosha, na kumpa mwenye njaa mahubiri ni kumtukana. Kumbuka kijana wa kivulini pale Maidan. Ni mtu yuleyule, hasira ileile.

Aliporudi nyumbani mwaka 1897 alipokewa kama mfalme, na hapo ndipo yanapotoka mengi aliyowaambia vijana. Kule Madras aliwaambia kwamba wataikaribia mbingu zaidi kwa kucheza mpira kuliko kwa kusoma Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Alikuwa na maana: misuli kwanza, woga utoke, ndipo mtaelewa maandiko. Nakuambia hili kwa sababu wapo watakaomchora kwako kama mtu wa kufumba macho tu. Alikuwa anakula nyama na samaki, anavuta tumbaku, anatania, anagombana. Kwenye barua moja ya mwaka 1894 aliandika kwamba maadamu mamilioni wanaishi kwenye njaa na ujinga, yeye humhesabu kuwa msaliti kila msomi aliyesomeshwa kwa jasho lao asiyewajali. Hiyo ingesomwa kila chuo tarehe 12 Januari. Mara nyingi wanasoma ile ya "Amkeni, inukeni", ambayo asili yake ni Upanishadi ya Katha, andiko la kale la Wahindu, na haimkwazi mtu.

Tarehe 1 Mei 1897 akaanzisha Misheni ya Ramakrishna, na mwaka uliofuata tauni ilipoingia Kolkata alikuwa tayari kuuza kiwanja walichonunua kwa ajili ya nyumba yao ya utawa pale Belur ili fedha ziende kwa wagonjwa. Haikulazimu kukiuza. Mwaka 1899 tauni iliporudi, Nivedita, mwanafunzi wake mwanamke kutoka Ireland, alikuwa anasimamia usafishaji wa vichochoro. Misheni ile leo ina hospitali na shule nyingi, na inajiweka mbali na siasa za vyama.

Sasa swali lako lenyewe: je, si kiongozi wa dini moja? Ni kiongozi wa dini moja, usikubali mtu akufiche. Alikuwa Mhindu, alijivunia Uhindu, na aliamini falsafa ya Vedanta ni kilele ambacho dini nyingine ni njia za kukifikia. Katika baadhi ya mihadhara alizungumzia uvamizi wa Waislamu na upanga kwa maneno makali, na wenye kutaka kukugombanisha na wenzako watakuletea hayo. Lakini soma pia barua aliyomwandikia Muislamu mmoja, Mohammed Sarfaraz Husain wa Naini Tal, Juni 1898. Humo anasema kama ipo dini iliyoukaribia usawa wa watu kwa vitendo basi ni Uislamu peke yake, na kwamba tumaini la nchi yake ni kichwa cha Vedanta na mwili wa Uislamu vikutane. Muislamu anaweza kuuliza, na kwa haki, kwa nini sisi tupewe mwili tu? Na siku ya mwisho pale Chicago, 27 Septemba, alisema Mkristo hatakiwi kuwa Mhindu wala Mbudha, wala Mhindu au Mbudha kuwa Mkristo. Kila mmoja achukue kilicho kizuri kwa mwenzake akue kwa njia yake mwenyewe. Mtu anayekutaka ubadilike kwa jina la Vivekananda amemsoma nusu.

Tatizo ni serikali inavyoitumia siku. Jimboni Madhya Pradesh wanafunzi wamekuwa wakikusanywa 12 Januari kufanya Surya Namaskar kwa pamoja, ule mfululizo wa mazoezi ya yoga ambao jina lake ni la kulisalimia jua. Waislamu wakalalamika kwamba kwao salamu ya ibada ni ya Mungu peke yake, na ikabidi isemwe kwamba anayetaka ndiye afanye. Unaona basi shaka yako haikuanza na wewe, na kuna watu wazima wenye akili zao waliwahi kuisema hadharani bila kuwa wakorofi.

Kuhusu kusimama mbele ya picha. Mimi ni mwalimu wa historia, si shehe. Hukumu ya dini mpelekee shehe unayemwamini. Ninachoweza ni kukueleza kitakachotokea ukumbini ili usishtukizwe. Mezani kutakuwa na picha imevikwa koja la maua ya manjano, taa ndefu ya shaba ya mafuta yenye tambi kadhaa, na vijiti vya udi. Wageni wa heshima huitwa mbele, mmojammoja anapewa mshumaa awashe utambi mmoja, halafu anatupia maua kidogo miguuni pa picha. Katika vyuo vya serikali hiyo ni desturi ya ufunguzi, wataifanya hata kwenye kongamano la dawa. Wengine huvua viatu kwanza. Ukiona hilo halikukalii vizuri moyoni, usingoje mpaka jina lako litajwe kwenye kipaza sauti. Mwendee mwalimu msimamizi wa NSS siku mbili kabla, mwambie kwa upole kwamba wewe utazungumza lakini kwenye taa apewe mwenzako. Wamezoea. Ukifika jukwaani, mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo kuwaelekea watu waliokaa inatosha kuwa salamu. Kusikiliza, kuzungumza, kukimbia mbio zao za asubuhi, kuchangia damu kama wataandaa, hayo hayana ibada ndani yake.

Peremende watakazogawa mlangoni uliza tu zimetoka wapi: kama ni za dukani kula, kama zimetoka hekaluni utaamua mwenyewe. Kwa kuwa Makar Sankranti, sikukuu ya mavuno, iko siku mbili mbele, huenda ukapewa vile vidonge vya ufuta na sukari guru, na Wamarathi hukuambia maneno ya kukutaka uongee kwa utamu. Ni desturi nzuri, hasa kwa mtu anayeogopa jukwaa.

Tukija kwenye hotuba. Barua aliyomwandikia Alasinga tarehe 2 Novemba 1893 ndiyo dawa yako. Anamweleza kwamba siku ile ya hotuba ya kwanza Chicago moyo ulikuwa unampapatika na ulimi umekauka, akaogopa hata hakuthubutu kusema asubuhi. Wenzake wote wamekuja na hotuba zilizoandikwa, yeye mjinga hana hata karatasi. Akasogeza zamu yake mpaka mchana. Anza hapo. Waambie mgeni aliyekuwa mbali na kwao, mwenye lafudhi yake, alitetemeka kabla yako. Halafu wasimulie ya kivulini pale Maidan, kwa kuwa nakuhakikishia wengi mbele yako watakuwa wameanza na kumaliza Chicago. Usinukuu maneno uliyoyaona yamewekwa juu ya picha ya machweo kwenye simu. Mengi hayakuwahi kutoka kinywani mwake. Ukitaka nukuu, tumia ile ya msomi msaliti, na uiseme kama mfamasia mtarajiwa ambaye elimu yake pia kuna mtu anailipia.

Afrika Mashariki iingize kidogo, mahali pake. Tarehe hiyohiyo Zanzibar wanakuwa kwenye sikukuu ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Litaje kwa sentensi moja, bila kulinganisha, maana ni mambo mawili tofauti na mapinduzi yale yaliwagusa hata Wahindi wa Visiwani kwa uchungu. Dar es Salaam kuna kituo cha utamaduni cha ubalozi wa India chenye jina la Vivekananda, kinachofundisha yoga na Kihindi. Na tangu mwaka 2023 chuo cha IIT Madras kina kampasi Zanzibar. Mji uleule ambao vijana wake walichangisha nauli ya kumpeleka mtawa ughaibuni ndio ulioleta chuo kwetu. Hiyo ni habari ambayo wanafunzi wengi wa Pune hawaijui, na wataipenda.

Wakikuuliza kwa nini Wabengali wa Belur wana sherehe kubwa siku nyingine kabisa, usibabaike. Watawa wanafuata kalenda ya mwezi, kwa hiyo siku yake ya kuzaliwa huhamahama kila mwaka, na serikali inafuata kalenda ya ukutani. Na usitegemee mapumziko. Si sikukuu ya nchi nzima ya kufunga ofisi, vipindi vya maabara viko palepale.

Dakika tano zinatosha. Kwa Kiingereza, ila sentensi ya kwanza mwombe mwenzako akufundishe kwa Kimarathi. Na kuna jina moja usilisahau, kwa sababu uko Maharashtra na si Kolkata: 12 Januari ndiyo pia siku ya kuzaliwa ya Jijabai, mama yake Shivaji, yule mfalme shujaa wa Wamarathi, aliyezaliwa Sindkhed Raja mwaka 1598 na kumlea mwanawe hapohapo Pune. Kuna uwezekano mkubwa utaikuta picha yake mezani kando ya ile ya Swami, na mara nyingi wageni humsahau. Wewe mtaje kabla ya kumtaja Vivekananda. Sema "Rajmata Jijau", kama wanavyomwita wenyewe, uone makofi yatakavyokuja kabla hujafika sentensi ya tatu.